Kutafuta sayari za nyota nyingine kwa vifaa vya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaastronomia wa ridhaa na wanaotaka kuwa. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa namba ya swali. Saa zote ni za Afrika Mashariki isipokuwa tumesema vingine.

## Mambo ya msingi

1. Sayari za nje ni zipi, na zinajulikana ngapi?

Ni sayari zinazozunguka nyota nyingine, si Jua letu. Za kwanza kuthibitishwa zilitangazwa mwaka 1992 na Aleksander Wolszczan na Dale Frail, zikizunguka mabaki ya nyota iliyokwisha kulipuka. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza 51 Pegasi b, ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na Jua, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Orodha ya NASA ilivuka sayari 6,000 mwezi Septemba 2025.

51 Pegasi b iliwashangaza wataalamu kwa sababu ni jitu la gesi lenye karibu nusu ya tungamo la Mshtarii, lakini linaimaliza njia yake kwa siku 4.2 tu. Sayari za aina hiyo huitwa Mishtarii moto, na ndizo zinazopimika kwa vifaa vya nyumbani.

2. Je, naweza kuiona sayari ya nje kwa darubini yangu?

Hapana. Mwanga wa nyota huimeza kabisa. Hata darubini kubwa za milimani zimefaulu kupiga picha za sayari chache tu, nyingi zikiwa majitu machanga yaliyo mbali na nyota zao.

Unachoweza kuona kwa macho ni nyota yenyewe. Jioni za Januari, itafute Suheli upande wa kusini, kisha sogea kama digrii 6 kuelekea magharibi, yaani upana wa vidole vitatu mkono ukiwa umenyooshwa. Nyota hafifu iliyopo hapo ni Beta Pictoris, umbali wa miaka ya nuru 63, na ina sayari zilizopigwa picha moja kwa moja. Uangavu wake ni 3.9 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi), kwa hiyo toka nje ya mji.

3. Sasa zinagunduliwaje kama hazionekani?

Njia mbili zimeleta sehemu kubwa ya orodha. Ya kwanza ni mpito: sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo kwa saa chache, kisha hurudi. Kiasi cha mfifio ni mraba wa uwiano wa vipenyo. Kipenyo cha Mshtarii ni kama sehemu ya kumi ya kile cha Jua, hivyo mfifio wake ni kama 1%. Dunia, ambayo kipenyo chake ni 1/109 ya Jua, ingefifisha Jua kwa 0.0084% tu.

Ya pili ni mtikisiko. Sayari huivuta nyota yake huku na huko, na mistari ya rangi katika mwanga wa nyota husogea. Mshtarii hulitikisa Jua kwa mita 12.5 kwa sekunde, Dunia kwa sentimita 9 tu. Njia hii inahitaji vyombo vya gharama kubwa mno kwa mtu binafsi. Mpito ndio unaotuhusu, na maswali mengine yote hapa ni juu yake.

4. Wanaposema "sayari kama Dunia" wanamaanisha nini?

Mara nyingi wanamaanisha mambo mawili tu: kipenyo kinachokaribia cha Dunia, na umbali kutoka kwenye nyota ambao ungeruhusu maji kubaki kimiminika. Umbali huo huitwa ukanda unaokalika. Kepler-186f, iliyotangazwa mwaka 2014, ndiyo ya kwanza ya ukubwa wa Dunia kupatikana ndani ya ukanda huo.

Vigezo hivyo havitoshi, na vichwa vya habari husahau kusema. Zuhura ina 95% ya kipenyo cha Dunia, lakini uso wake una joto la nyuzi kama 460 za Selsiasi. Tatizo la pili ni nyota zenyewe: sayari ndogo ni rahisi kuzipata kwenye vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zisizo na joto kama la Jua, ambavyo hutoa milipuko mikali, na sayari zake za karibu huenda zikaielekezea nyota upande mmoja daima.

Mfumo wa TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, una sayari saba za ukubwa unaokaribia Dunia. Vipimo vya darubini ya James Webb vilivyotolewa mwaka 2023 vilionyesha kwamba iliyo karibu zaidi na nyota, TRAPPIST-1 b, pengine haina angahewa ya maana. Tunasubiri kwa hamu habari za zile za katikati.

5. Je, mtu wa kawaida anaweza kugundua Dunia nyingine?

Akiwa uani kwake na darubini, kwenye nyota kama Jua, hapana. Mwendo wa hewa juu yetu huacha kelele ya 0.2% hadi 0.5% katika kila kipimo cha darubini ndogo, na mfifio wa Dunia ni mdogo mara ishirini na zaidi kuliko hapo. Isitoshe, mpito wa namna hiyo huchukua kama saa 13 na hutokea mara moja kwa mwaka, tena uwezekano wa njia ya sayari kupangika sawasawa na macho yetu ni kama 0.5%.

Akiwa na data za setilaiti, jibu hubadilika. Mwaka 2012 watu wawili waliojitolea, Kian Jek na Robert Gagliano, waliipata PH1b kwenye data za Kepler, darubini ya angani ya NASA: sayari inayozunguka nyota mbili, huku nyota nyingine mbili zikiwa mbali zaidi katika mfumo huohuo. TOI-2180 b, iliyotangazwa mwaka 2022, ilianza kwa mfifio mmoja tu ambao macho ya watu wa ridhaa yaliuona. Mwaka wake una siku 261, na programu zinazotafuta mififio inayojirudia hupata shida na sayari ya namna hiyo.

## Bila darubini

6. Sina darubini. Naanzia wapi?

Fungua akaunti ya bure kwenye tovuti ya Zooniverse, kisha ingia mradi wa Planet Hunters TESS. Unaonyeshwa grafu za mwanga wa nyota zilizopimwa na setilaiti ya TESS, iliyorushwa Aprili 2018. TESS hukodolea eneo moja la anga kwa siku kama 27 kabla ya kuhama. Kazi yako ni kuweka alama pale unapoona mfifio. Simu yenye bando la kawaida inatosha, ingawa kioo kikubwa huonyesha mififio midogo vizuri zaidi.

Kila grafu hupitiwa na watu wengi, kwa hiyo usiogope kukosea. Baadhi ya grafu ni za majaribio, zimewekewa mpito wa bandia ili kupima macho ya washiriki. Usikate tamaa pia ukikutana na grafu tupu mfululizo: hiyo ndiyo hali halisi ya anga.

Ukitaka kupima picha halisi, mradi wa Exoplanet Watch wa NASA hutoa picha zilizokwisha kupigwa na darubini nyingine. Programu yake, EXOTIC, inaendeshwa ndani ya kivinjari, hivyo huhitaji kompyuta yenye nguvu.

7. Nimeona mfifio. Nimegundua sayari?

Pengine, lakini kwanza ondoa yafuatayo. Mfifio wenye umbo la V, bila kitako bapa, mara nyingi ni nyota mbili zinazopishana. Mififio inayopokezana kina, mmoja mkubwa mmoja mdogo, ni dalili ileile. Mfifio unaotokea tarehe moja kwenye nyota nyingi ni kasoro ya setilaiti.

Kuna kosa moja linalojificha. Pikseli moja ya TESS inafunika sekunde 21 za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3,600 ya digrii), eneo linaloweza kuwa na nyota kadhaa. Jirani hafifu anayefifia kwa 50% anaweza kuonekana kama mpito wa 0.5% kwenye nyota uliyodhani unaiangalia. Ndiyo maana kila nyota inayoshukiwa kuwa na sayari hupimwa tena kutoka ardhini, moja moja, na darubini yenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 40 ya mtu binafsi ina nafasi yake halali katika kazi hiyo.

Ukiridhika, andika namba ya nyota (TIC) na siku ya mfifio kwenye ukumbi wa majadiliano wa mradi. Usitangaze ugunduzi mitandaoni kabla haujapimwa.

## Vifaa

8. Ninunue darubini gani?

Angalia kipenyo cha lenzi au kioo, usiangalie ukuzaji ulioandikwa kwenye boksi. Ukomo wa ukuzaji wenye faida ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Darubini ya milimita 60 inafika 120, basi. Boksi linaloahidi 525 linauza picha iliyojaa ukungu.

Kwa kupima mipito unahitaji kipenyo cha kuanzia milimita 80, na sentimita 15 hadi 20 zikipatikana ni bora zaidi. Lazima stendi iwe na mota inayofuata nyota. Darubini ya Dobson ya kusukuma kwa mkono ni nzuri ajabu kwa kutazama Zuhali au mawingu ya nyota, lakini haifai hapa, kwa sababu nyota hukimbia nje ya picha ndani ya dakika chache.

Kama bado hujajua makundinyota, anza na darubini ya macho mawili ya 10x50.

9. Kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi inafaa?

Inafaa kwa nyota angavu, hadi uangavu wa 8 au 9. Tumia lenzi ya milimita 200 juu ya stendi ya kufuatilia. Hifadhi faili za RAW, weka ISO kati ya 200 na 800, kisha zima usafishaji wa kelele na uthabiti wa picha. Wakati wa kupima tumia chaneli ya kijani peke yake.

Haribu fokasi makusudi, nyota iwe duara la pikseli kama 10. Nyota ikiwa nukta kali hukaa juu ya pikseli mbili tatu, na kila ikisogea kidogo kipimo kinaruka, maana pikseli hazilingani usikivu. Simu ya mkononi haitoshi kwa kazi hii.

10. Kwa nini stendi yangu haikubali kulala chini vya kutosha?

Tatizo hili ni letu watu wa ikweta. Stendi ya ikweta ni ile inayofuata nyota kwa kuzunguka mhimili mmoja ulioelekezwa kwenye ncha ya anga, na mhimili huo unapaswa kuinuliwa kwa digrii sawa na latitudo: 1.3 Nairobi, 6.8 Dar es Salaam. Stendi nyingi za Kijerumani (aina ya stendi ya ikweta yenye uzito wa kusawazisha) zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, na hugoma chini ya digrii 15 au 20. Zinazokubali mara nyingi hugongesha uzito wa kusawazisha kwenye mguu wa stendi.

Kuna tiba tatu. Weka nguzo ya kurefusha kati ya stendi na miguu. Zungusha miguu ili uzito upite kati ya miwili. Au inamisha stendi nzima kwa kukiweka kipande imara cha mbao chini ya mguu mmoja, mradi uhakikishe haipinduki.

Nyota ya Kaskazini usiitegemee: Nairobi iko chini au usawa wa upeo wa macho, Dar haionekani kabisa. Panga mhimili kwa kufuatilia jinsi nyota inavyoteleza, au kwa programu inayotambua uwanja wa picha.

Stendi za kupanda na kuzunguka, yaani zinazokwenda juu na chini, kushoto na kulia, hufanya kazi, lakini huizungusha picha polepole, na hushindwa kufuata nyota inayopita karibu na utosi. Hapa kwetu hizo ni nyingi, kwa hiyo chagua nyota isiyopanda juu ya digrii 75.

## Usiku wa kazi

11. Nianze na nyota ipi?

HD 189733, karibu na wingu M27 katika kundinyota la Mbweha. Uangavu wake ni 7.7, mfifio 2.4%, mpito huchukua saa 1.8, na hurudi kila siku 2.2. Huonekana vizuri jioni kati ya Julai na Oktoba. Ugumu wake ni kwamba majirani wenye uangavu unaokaribiana ni wachache, hivyo unahitaji uwanja mpana wa picha.

Ya pili ni HD 209458 katika kundinyota la Farasi: uangavu 7.6, mfifio kama 1.6%, saa 3. Mpito wake ndio wa kwanza kupimwa, mwaka 1999, na David Charbonneau na wenzake walitumia darubini ya sentimita 10. Mwanzoni mwa mwaka, mwenye sentimita 15 na zaidi ajaribu WASP-121 (uangavu 10.5, mfifio 1.5%), katika eneo lililo kati ya Suheli na Sirius.

12. Nitajuaje mpito unatokea saa ngapi?

Tumia kikokotoo cha mipito, mfano cha Exoplanet Transit Database. Ingiza latitudo kwa alama ya kutoa: Dar es Salaam ni -6.8 na longitudo 39.3, Nairobi ni -1.3 na 36.8. Ukisahau alama ya kutoa, utapewa nyota ambazo kwako ziko chini mno.

Majibu huja kwa saa za dunia (UT), na hapo ndipo wengi hupotea. Saa 5 usiku kwetu ni 23:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na ni 20:00 UT. Saa 8 usiku wa manane ni 23:00 UT ya tarehe iliyotangulia. Andika zote tatu kwenye daftari kabla giza halijaingia.

Saa ya kompyuta iwe sahihi ndani ya sekunde moja. Isawazishe kwa intaneti kabla ya kuanza, maana kompyuta isiyo na mtandao hupotea sekunde kadhaa kwa siku chache.

13. Kazi yenyewe inakwendaje, hatua kwa hatua?

Toa darubini nje saa moja kabla, ili joto lake lilingane na la hewa. Anza kupiga picha dakika 45 hadi 60 kabla ya mpito, na endelea muda uleule baada yake. Bila mwanga wa kawaida wa pande zote mbili huna cha kulinganisha, na hili ndilo kosa linaloharibu grafu nyingi za mwanzo: mtu anachoka, anafunga vifaa mpito ulipoisha.

Piga picha za sekunde 30 hadi 120. Usipike nyota, yaani usiache mwanga wake ufike kikomo cha kamera. Kwa kamera ambayo hesabu yake ya mwanga kwa kila pikseli inaishia 65,535, kilele cha nyota kiwe kati ya 20,000 na 40,000. Inayoishia 16,383, kibaki chini ya 10,000. Kumbuka nyota ikipanda juu itang'aa zaidi, hivyo acha nafasi. Ukishaanza usibadilishe muda, ISO wala fokasi.

Mwishoni piga picha 20 hivi za giza, lenzi imefunikwa, kwa muda na joto vilevile. Kisha piga 20 za mwanga sawa, ukielekeza darubini kwenye anga ya alfajiri yenye kitambaa cheupe mdomoni, bila kuizungusha kamera wala kugusa fokasi.

14. Napimaje picha zote hizo?

Programu za AstroImageJ na HOPS ni za bure. Zote hufanya jambo moja: kutoa kasoro za kamera, kujumlisha mwanga ndani ya duara linaloizunguka nyota, kisha kuugawanya kwa mwanga wa nyota za kulinganisha. Chagua tatu hadi sita zenye uangavu na rangi inayokaribiana na nyota yako. Linganisha zenyewe kwa zenyewe kwanza, inayobadilikabadilika iondoe.

15. Grafu yangu imekaa ovyo. Nini kimeharibika?

*Inateremka au kupanda polepole:* nyota za kulinganisha zina rangi tofauti na yako. Hewa nene karibu na upeo hunyonya bluu zaidi. Badilisha nyota, au acha vipimo vya chini ya digrii 30.

*Imeruka ghafla katikati:* kama unatumia stendi ya Kijerumani, ni ile saa darubini ilipopinduka nyota ikivuka katikati ya anga. Picha za mwanga sawa zilizopigwa vizuri hupunguza ruko hilo. Dawa bora ni kuchagua mpito usioangukia muda huo.

*Mawimbi yanayojirudia kila dakika chache:* gia za stendi zinaipeleka nyota mbele na nyuma juu ya pikseli.

*Nukta zimetawanyika mno:* muda wa picha ni mfupi, kumeta kwa nyota hakujapata kusawazika.

*Hakuna mfifio kabisa:* angalia kama nyota ilipikwa. Kisha rudi swali la 12. Kosa la saa tatu ni la kawaida sana.

16. Vipimo vyangu vina faida yoyote kwa sayansi?

Vina faida ya kweli. Muda wa mzunguko wa sayari ukikosewa kwa sekunde 1 tu, sayari ya siku 3.5 itakuwa imepotoka dakika 5 baada ya miaka mitatu. Kwa sayari zisizopimwa muda mrefu kosa hukua hadi saa nzima, na darubini kama James Webb haiwezi kupotezewa muda hivyo. Mradi wa ExoClock hukusanya vipimo vya wataalamu na wa ridhaa kwa ajili ya Ariel, chombo cha Ulaya kitakachochunguza angahewa za sayari kama 1,000. AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, na Exoplanet Watch pia hupokea.

Watakutaka muda kwa mfumo unaohesabiwa kutoka kitovu cha mfumo wa Jua, kwani Dunia ikizunguka hutofautisha kufika kwa mwanga kwa hadi dakika 8 na zaidi. Programu za swali la 14 hubadilisha zenyewe.

## Anga letu

17. Miezi gani ni mizuri?

Epuka masika, Machi hadi Mei, na sehemu kubwa ya vuli. Januari na Februari ni nzuri karibu kila mahali. Juni hadi Septemba ni nzuri bara Tanzania, lakini Nairobi na nyanda za juu za kati hufunikwa na mawingu mazito ya baridi Juni hadi Agosti. Shuka Magadi au Amboseli.

18. Nakaa mjini. Nisijisumbue?

Jisumbue. Kwa kuwa unalinganisha nyota na majirani zake, taa za mji hupunguza ubora bila kuua kazi. Uangavu wa 8 hadi 11 unapimika katikati ya Dar. Mwezi nao si adui, mradi uwe zaidi ya digrii 30 kutoka kwenye nyota yako.

19. Naishi pwani, lenzi imeota utando. Ni nini?

Ni fangasi. Unyevu na joto vya pwani huilisha, na ikishakula tabaka la lenzi alama haitoki. Usifunge darubini ndani ya begi ikiwa na umande: iache chumbani mpaka ikauke, ndipo uifunike kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli. Ikaushe jeli jikoni inapobadilika rangi. Usiku, kizuizi cha umande cha karatasi ngumu chenye urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo husaidia sana.

## Maswali ya pembeni

20. Nikigundua sayari nitaipa jina langu?

Hapana. Hupata jina la nyota na herufi, kuanzia b. Majina rasmi hutolewa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU). Katika kampeni yake ya 2019, Kenya ilipewa nyota HD 83443 na sayari yake, zikaitwa Kalausi na Buru, maneno ya Kiluo: kimbunga cha vumbi, na vumbi lenyewe. Vyeti vya nyota vinavyouzwa mitandaoni havitambuliwi na wanaastronomia.

21. Proxima b ndiyo ya karibu zaidi. Kwa nini haipo kwenye orodha ya swali la 11?

Kwa sababu hakuna mpito wake uliothibitishwa. Iligunduliwa mwaka 2016 kwa njia ya mtikisiko. Nyota yake, Proksima, iko kama digrii 2 kutoka Rijili Kantori (Alpha Centauri), lakini kwa uangavu wa 11 inahitaji darubini. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, kwa mwendo wa Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, safari ni ya miaka kama 75,000.

22. Kuna mpito ninaoweza kuutazama kwa macho yangu?

Upo wa Utaridi mbele ya Jua, tarehe 13 Novemba 2032, kuanzia saa 4 kasoro asubuhi hadi kupita kidogo saa 8 mchana. Utahitaji darubini yenye kichujio cha Jua kilichofungwa mbele, juu ya mdomo wake. Vichujio vidogo vya kuskrubu kwenye lenzi ya jicho vitupe, hupasuka kwa joto na kuunguza jicho. Ni msimu wa vuli, kwa hiyo weka tayari mahali pa pili pasipo na mvua nyingi.